Mguu Nilioufuta: Tafakari juu ya Zawadi za Mikono ya Watoto



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili nimekusudia kuandika juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona kuwa dogo mno kwa tafakari ya paroko. Nalo ni zawadi ambayo mzazi huitengeneza nyumbani pamoja na watoto wake wadogo, kwa udongo na mkaa na rangi, ili wampelekee mtu wanayempenda. Kipindi cha Majilio kinatuelekeza kwenye Noeli, na wengi wetu tumekwisha kuanza kuhesabu fedha za nguo, za mchele na za zawadi. Naomba mnivumilie kidogo. Jambo hili dogo liliniaibisha mbele ya waamini wangu, na aibu ile ikanifundisha somo ambalo miaka yangu yote ya seminari haikuwa imenifundisha.

Miaka michache iliyopita, katika kimoja cha vigango vilivyoko ufukoni mwa Ziwa Nyasa, tulikuwa tukijiandaa kumuaga katekista mzee. Mzee huyo alizaliwa huku juu milimani, Umatengo, akatumwa kule ziwani akiwa kijana, akakaa huko zaidi ya miaka thelathini. Alifundisha katekisimu, aliongoza ibada Dominika ambazo padre hakuweza kufika, alizika wafu, alivuka mito ya masika kwa miguu kwenda kuwaombea wagonjwa. Nasema kwa miguu, na hapo ndipo penye habari yenyewe: mguu wake mmoja ni mfupi kuliko mwenzake tangu utotoni. Atembeapo huinama upande mmoja kama mtumbwi unaopigwa na upepo wa kusini.

Kamati ya kumuaga iliundwa, kama ilivyo desturi yetu. Kadi za mchango zikasambazwa. Ikaamuliwa anunuliwe mabati, godoro na saa ya ukutani. Watoto hawakuulizwa lolote, nao hawakutarajiwa kuwa na lolote. Lakini mama mmoja, mlezi wa Utoto Mtakatifu pale kigangoni, aliwakusanya jioni tatu mfululizo chini ya mwembe. Alipata ubao wa boti kuukuu, akaomba udongo mwekundu kwa ndugu zake wa milimani, akasaga mkaa, nao watoto wakachora. Walichora ziwa, wakachora samaki wakubwa kuliko kanisa, wakachora kanisa lenyewe, na mbele yake wakamchora Mwalimu. Msichana mmoja wa miaka sita ndiye aliyepewa kazi ya kumchora Mwalimu, naye alimchora kama alivyo: ameinama, mguu mmoja mrefu, mguu mmoja mfupi.

Wazee wa kamati walipouona ubao ule walifadhaika. Walisema watoto wamemkejeli mzee, na kwamba siku ya shukrani si siku ya kumkumbusha mtu kilema chake. Wakaniletea shauri hilo. Ninakiri mbele yenu kwamba sikumwita mlezi, wala sikuwauliza watoto. Nilitazama kwa haraka, nikaona haya kwa niaba ya mzee, nikaagiza kijana anayeandika mabango ya maduka aurekebishe ubao. Naye aliurekebisha kwa ustadi. Aliufuta ule mguu mfupi, akampa Mwalimu miguu miwili iliyo sawa, suruali nyeusi ya rangi ya mafuta, na viatu.

Siku ikafika. Baada ya Misa, mabati yakapokewa kwa vigelegele, godoro likachezewa ngoma, saa ikashangiliwa. Mwisho watoto wakatoa ubao wao. Mzee aliushika kwa mikono miwili, akautazama kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Huyu ni nani?"

Watu wakacheka. "Ni wewe, Mwalimu!"

"Mimi? Mbona amesimama wima namna hii?"

Hapo ndipo yule msichana, kwa sauti iliyosikika hadi mlango wa nyuma, aliposema: "Mguu nilimchorea. Padre ameufuta."

Kanisa zima lilinyamaza, kisha likacheka, nami nikacheka nikiwa wa mwisho. Mzee hakucheka. Alimwita mtoto aje, akamtuma mtumishi wa altare alete kipande cha mkaa uliokwisha kupoa kutoka katika chetezo, akamwambia: "Mjukuu wangu, nirudishie mguu wangu." Mtoto akapiga magoti sakafuni, akauchora mguu mfupi juu ya suruali ile nyeusi ya rangi ya mafuta. Mkaa haukushika vizuri, mstari ukaonekana kwa shida. Baadaye, tukiwa sakristia, mzee aliniambia kwa upole: "Baba Paroko, watoto hawa hunitambua kwa mguu huu kabla hawajauona uso wangu. Nikitokea kule bondeni, huja mbio kunipokea kabla sijafika kwenye mwembe. Sasa ukiufuta, watanijuaje?"

Wapendwa, tangu siku ile nimekuwa nikiyatafakari maneno hayo. Leo nataka niwatolee maoni yangu kwa uwazi: zawadi iliyotengenezwa na mikono ya watoto wetu wadogo, tukiwa tumeketi nao, ina thamani ambayo fedha za kahawa haziwezi kuinunua. Na sisi watu wazima tunaiharibu thamani hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuwanyima watoto nafasi ya kuitengeneza. Ya pili, iliyo mbaya zaidi, ni kuirekebisha baada ya wao kuitengeneza.

Nianze na njia ya kwanza. Tazameni yanayotukia mlangoni mwa kanisa kila Dominika. Wakati wa matoleo unapokaribia, mama hufungua fundo la kanga, hutoa sarafu, humpa mtoto, na mtoto huipeleka kikapuni. Sisemi kwamba ni vibaya, kwa maana ndiyo njia tuliyofundishiwa sote kutoa. Lakini tujiulize kwa haki: mtoto yule ametoa nini? Ametoa kilicho cha mama yake. Sarafu imepita mkononi mwake kama maji yapitavyo katika mfereji, na mfereji haujui kiu. Akikua bila kuonja utoaji ulio wake mwenyewe, tusistaajabu tukimwona kijana anayejua kupokea tu, anayeidai zawadi ya kufaulu na zawadi ya Kipaimara, wala haulizi bibi yake anakula nini.

Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alipoanzisha shirika la Utoto Mtakatifu mwaka 1843, aliwaomba watoto vitu viwili tu: Salamu Maria moja kila siku, na senti moja kila mwezi, kwa ajili ya watoto wenzao wenye shida. Alitaka senti ile iwe sadaka ya mtoto mwenyewe, kitu alichojinyima. Huku kwetu mtoto wa miaka mitano au sita hana senti ya kujinyima. Ana nini basi? Ana mikono, ana macho, ana jioni nzima, na ana udongo mwekundu nyuma ya nyumba. Akimpa mtu jioni yake tatu na kazi ya vidole vyake, ametoa kilicho chake hasa. Mbele ya Mungu, naamini toleo hilo linakaa karibu na mikate mitano na samaki wawili wa yule kijana katika sura ya sita ya Injili ya Yohane, ambaye chakula chake kidogo hakikudharauliwa na Bwana, ijapokuwa Mitume walikitilia mashaka.

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano mwingine ninaoupenda sana. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya pili, tunasoma kwamba Hana, baada ya kumtoa mwanawe Samweli akae hekaluni, alikuwa akimshonea kanzu ndogo kila mwaka na kumpelekea. Tafakarini juu ya kanzu ile. Hana hakuwa na mtoto karibu ampime mabega. Ilimpasa akumbuke, akadirie amekua kiasi gani, amfikirie kwa kila mshono. Kazi ya mikono humlazimisha anayetoa amfikirie anayepewa kwa muda wote wa kazi. Ukinunua saa ya ukutani kule Mbinga mjini, unamfikiria mwenye kupewa kwa dakika tano za kupatana bei. Watoto wale wa ziwani walimfikiria katekista wao kwa jioni tatu. Wakabishana alikuwa akivaa kofia gani. Wakaulizana kama ana ndevu. Walimtazama alipopita njiani ili wahakikishe. Kwa jioni tatu mzee yule alikaa mioyoni mwao bila yeye kujua. Mimi naita jambo hilo sala, hata kama hakuna aliyefumba macho.

Sasa nije kwenye njia ya pili, ambayo ndiyo dhambi yangu. Kwa nini tunairekebisha kazi ya mtoto? Tunajidanganya kwamba tunamheshimu anayepewa. Ukweli ni kwamba tunailinda heshima yetu. Mzazi humshika mtoto mkono na kuuongoza, au humnyang'anya brashi akamalizia mwenyewe, ili jirani wasiseme kwamba nyumba ile imetoa kitu kibaya. Mtoto huona. Hakuna anayemweleza, lakini huelewa kwamba kazi yake haikutosha, na kwamba alichokiona kwa macho yake si cha kusemwa mbele za watu. Mara nyingine tutakapomwomba achore, atauliza: "Nichore nini?" kwa maana ameacha kuyaamini macho yake.

Mimi nilipoufuta mguu wa Mwalimu nilidhani ninafuta aibu. Lakini aibu ilikuwa ndani yangu, haikuwa ndani ya mtoto. Yeye hakuona kilema. Aliona namna mtu anayempenda anavyotembea. Sisi watu wazima tulimtazama mzee kwa miaka thelathini tukijifanya hatuuoni mguu wake, na tukaita hiyo heshima. Mtoto aliuona mguu na akakimbilia kumpokea mwenye mguu huo. Nani kati yetu alimheshimu zaidi?

Msidhani ninasema haya kwa sababu ya moyo mlaini tu. Katika mkoa wetu huu wa Ruvuma, wilayani Tunduru, alizaliwa mwaka 1932 mtu aitwaye Edward Saidi Tingatinga. Hakupata kusoma shule yoyote ya sanaa. Alikwenda kutafuta kazi Tanga katika mashamba ya mkonge, kisha Dar es Salaam, na huko, mwishoni mwa miaka ya 1960, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao laini za dari. Chui wake hawakufanana na chui wa kwenye picha za kamera. Walikuwa chui kama yeye alivyowaona moyoni, wenye macho makubwa na madoa yaliyopangwa kama mapambo. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu, na leo mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana duniani unaitwa kwa jina lake. Najiuliza ingekuwaje kama angetokea mtu mwenye mamlaka, mwenye nia njema kama mimi, akaagiza chui wale warekebishwe.

Lakini mimi simtafuti Tingatinga mwingine. Watoto wengi watakaochora Majilio haya hawatakuwa wachoraji, na haidhuru. Ninatafuta mtoto anayejua kutoa, na mzazi anayejua kuketi naye.

Kuketi naye ndiko kugumu, najua. Akina mama wengi wataniambia: "Padre, mvua za kwanza zimenyesha, tunapanda mahindi, jioni tumechoka, na watoto watachafua nguo." Akina baba wa ziwani watasema wao hulala mchana na kushinda usiku kwenye maji. Malalamiko haya ni ya haki, nami siyapuuzi. Hata hivyo tazameni jinsi wazee wetu wa Umatengo walivyolima ngoro, mashimo yale yanayozuia maji yasibebe udongo wa milima yetu, kilimo ambacho kimedumu kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwanamume hufyeka majani na kuyalaza katika miraba. Mwanamke huchimba udongo katikati ya mraba na kuyafukia yale majani. Na mtoto huwa pale pale, na jembe lake dogo, akichimba kishimo kisicho na sura. Hakuna mzee aliyengoja mtoto ajue ndipo amruhusu shambani, wala hakuna aliyekuja usiku kukifukia kishimo chake ili shamba lipendeze. Mtoto alijifunza kwa kuwa karibu na mikono ya wakubwa. Kwa ngoro tuna uvumilivu huo. Kwa nini tuukose kwa kalamu na rangi?

Na ninyi wavuvi wa usipa, mnajua kuliko mimi kwamba mwezi ukiwa mpevu taa zenu hazifai kitu, na boti hulala mchangani. Siku hizo chache baba yuko nyumbani usiku. Mpeni mtoto jioni moja kati ya hizo. Sitaki hotuba, sitaki mafundisho. Kaeni tu kwenye mkeka, mchoreeni bibi kibuyu.

Kwa kuwa baadhi yenu mmeniuliza namna ya kufanya, naandika hapa nilivyojifunza kwa yule mlezi, ambaye ameniruhusu niandike mradi nisimtaje jina.

Rangi nyekundu ni udongo wetu wa milimani. Uanikeni, mtwange kinuni, mchekeche kwa kitambaa chepesi. Koroga katika maji, ngoja mchanga uzame, mwaga yale maji mazito yaliyo juu katika bakuli jingine. Yakituama, mmepata rangi laini. Nyeusi ni mkaa wa kupikia uliosagwa. Nyeupe ni udongo mweupe kwa walio nao, au vipande vya chaki vilivyosagwa. Njano ni manjano ya jikoni. Kijani cha majani ya miti hupendeza siku ya kwanza lakini huchujuka upesi, basi waambieni watoto mapema wasije wakalia.

Ili rangi ishike, changanyeni na uji mwepesi sana wa unga wa muhogo uliopoa, au na kiini cha yai kilichoongezewa maji kidogo. Msidharau yai: wachoraji wa picha takatifu za Makanisa ya Mashariki, zile ziitwazo ikoni, wamechanganya rangi zao na kiini cha yai kwa karne nyingi. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki, au unyoya wa kuku. Cha kuchorea ni kibuyu kikavu, kata, chungu kidogo, ubao uliopigwa randa, au yale mawe laini ya ufukoni ambayo mawimbi yamekwisha kuyasugua. Walio upande wa kaskazini wa ziwa, akina mama wa Kikisi wa Ludewa na Kyela, wamepamba vyungu vyao kwa udongo mwekundu na mweupe tangu enzi za bibi zao, na vyungu hivyo vimesafiri kwa maji hadi mbali. Kwa hiyo ninachowaambia si kitu kigeni ziwani kwetu.

Yako mambo matatu ya kujihadhari nayo. Msiwape watoto rangi za mafuta za makopo, kwa maana baadhi zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Msiwape unga mweusi wa betri kuukuu, ijapokuwa wengi wetu tuliona ukipakwa kwenye ubao wa darasani. Na chokaa ya kupaka nyumba huunguza macho na ngozi, basi mwachieni mtu mzima. Jueni pia kwamba rangi hizi za udongo hazipendi maji. Chungu kilichochorwa kiwe cha kupamba nyumba, kisiwe cha kupikia wala cha kuachwa mvuani.

Kisha jambo la mwisho, lililo gumu kuliko yote: mkimaliza, msiguse. Mtoto akisema hili ni kanisa, ni kanisa. Akimchora babu ana vidole saba, babu apewe vidole vyake saba. Kama kuna kitu kinachokutatiza, muulize mtoto kwa upole, "Hapa umechora nini?" na umsikilize hadi amalize. Mimi kama ningeuliza swali hilo moja tu, nisingeaibika.

Lipo pingamizi moja lililobaki, na ndilo zito. Mzee mmoja wa Halmashauri Walei aliniambia: "Padre, sisi ni watu maskini. Tukimpa mtu kibao chenye udongo, atasema tumemdharau. Tajiri akitoa kibao watu wataona ni unyenyekevu, maskini akitoa kibao wataona ni umaskini." Nilikosa jibu siku ile, na hata leo sina jibu la haraka. Ni kweli kwamba katekista aliyestaafu anahitaji mabati, kwa maana mchoro hauzuii mvua. Haki ya mtumishi isigeuzwe kuwa mchezo wa watoto. Toeni mabati, toeni godoro, na mtoe kwa ukarimu kuliko mnavyotoa sasa. Ninachosema ni kwamba watoto wasiachwe nje ya siku hiyo, wakichungulia dirishani huku majina ya wachangiaji yakitajwa. Wapewe nafasi ya kutoa kilicho chao, tena kisiwe cha mwisho kabisa baada ya watu kuanza kuondoka.

Na juu ya kudharauliwa, naomba mtazame tena. Nilimtembelea mzee yule mwaka uliopita, nyumbani kwake huku milimani, alikorudi kupumzika. Mabati yapo juu ya nyumba, Mungu asifiwe. Godoro analilalia. Saa imesimama, betri zimekwisha, naye hajajali kununua nyingine. Ubao wa watoto ameutundika mahali mtu anapouona anapoingia, chini ya msalaba. Mstari wa mkaa ulikuwa umekwisha kufifia. Aliniona nikiutazama, akaenda jikoni, akarudi na kipande cha mkaa, akaniweka mkononi.

"Leo ni zamu yako, Baba Paroko," akasema.

Nikauchora mguu. Niliuchora vibaya, kwa maana sijui kuchora, na mkono wangu ulitetemeka kidogo. Mzee akautazama, akasema wa mtoto ulikuwa bora. Kisha tukanywa chai.

Wapendwa, Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua aliyowaandikia watoto wa dunia nzima mwezi Desemba 1994, mwaka wa Familia, aliwakabidhi kazi kubwa ya kuziombea familia zenye taabu. Hakuwaambia wangoje wakue. Kama Papa aliweza kuwakabidhi watoto mzigo huo, sisi tunaweza kuwakabidhi brashi ya unyoya wa kuku.

Basi kazi ya Majilio haya ni hii. Kila familia imchague mtu mmoja: bibi, mgonjwa, mjane jirani, msimamizi wa ubatizo, au mtu ambaye mmekuwa hamwelewani naye. Watoto ndio wamchague, ninyi wazazi mkae kimya. Tengenezeni kitu pamoja, mkipeleke wenyewe kabla ya Noeli, na mtoto ndiye akabidhi kwa mkono wake na aeleze alichochora. Jumuiya Ndogo Ndogo zinaweza kutoa jioni moja ya sala kwa ajili ya kazi hii. Na kama mtoto wenu atachagua kumchora paroko, tafadhali mwacheni anichore kama anionavyo. Nywele zangu zimepungua, tumbo limeongezeka, na hayo yote najua.

Tumwombe Bwana wetu, aliyezaliwa mtoto na kulelewa katika karakana ya fundi, atujalie macho ya watoto wetu na mikono yenye subira.

Nawatakia nyote Dominika njema na maandalizi mema ya Noeli. Baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwashukie na kukaa nanyi daima. Amina.

Wenu katika Kristo,
Paroko